Ilani za kufilisi kampuni ziandikwe Kiswahili, watu wanapoteza haki yao

Mhariri,

Salamu kutoka Mikindani, Mombasa. Naomba nafasi kwa ukurasa wako wa barua, najua hii ni ndefu lakini jambo lenyewe limenikaa rohoni na sijaona mtu akiliandika kwa lugha yetu.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, jina lake nitaliacha, alikuwa akipika kantini ya kiwanda fulani huko Changamwe, kiwanda ambacho mimi mwenyewe nilifanya kazi ya stoo miaka tisa. Asubuhi uji na mahamri, saa saba wali na maharagwe, Ijumaa biriani. Sisi tunasaini kwa daftari, mwisho wa mwezi kampuni inamlipa. Kiwanda kilipoanza kuyumba malipo yake yakawa ya kusukumwa, leo nusu, mwezi ujao robo, mwezi mwingine anaambiwa arudi wiki ijayo, na yeye akaendelea kupika tu manake alitujua kwa majina na hakuona atawezaje kutunyima chakula. Siku geti linafungwa alikuwa anadai 187,400. Madaftari yote anayo mpaka leo, ameyaweka ndani ya ndoo ya mafuta ya kupikia yenye mfuniko ili maji yasiingie mvua ikinyesha.

Hizo pesa hajaona hata shilingi moja. Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni sufuria zake. Alikuwa na sufuria mbili za pilau, zile nzito zenye masikio, alizinunua kwa pesa yake mwenyewe, na zilikuwa kantini siku ile geti lilipopigwa kufuli. Gadi akamwambia hakuna kitu kinachotoka, ni amri ya mfilisi, yule aliyewekwa kuifunga kampuni na kuuza mali yake. Akarudi nyumbani kungoja. Siku ya mnada tukaenda pale nje kuangalia, akaona vijana wanazipakia juu ya pikapu pamoja na meza na mabenchi ya kantini, loti moja. Chini ya sikio la ile kubwa alikuwa amechora herufi za jina lake kwa msumari, alinionyesha kwa kidole hewani vile zilivyokaa, huku ile pikapu inapinda kona inaenda zake.

Sasa Mhariri, sheria haikusema hivyo. Hilo nimekuja kulijua baadaye, baada ya kwenda ofisi moja hadi nyingine na kuketi na kijana mmoja wakili ambaye alinisomea Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 kipande kwa kipande. Mfilisi kazi yake ni kukusanya mali ya kampuni, aiuze, alafu agawie wanaodai. Mali ya kampuni. Sufuria ya mpishi haikuwa mali ya kampuni, ilikuwa imekaa tu ndani ya geti la kampuni. Angeandika barua, hata ya ukurasa mmoja, aseme hivi vitu ni vyangu na risiti ndio hii au mashahidi ndio hawa, mfilisi angetakiwa aangalie hayo madai kabla ya kuuza. Hakuandika manake hakuna mtu alimwambia kuna wa kuandikiwa.

Watu wengi wanadhani kampuni ikifilisiwa basi mambo yameisha, kila mtu ahesabu hasara yake. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe kufilisi ni shughuli yenye mlango wa kuingilia na yenye foleni, na usipojua mlango uko wapi foleni inakwisha wewe uko nje.

Kwetu ilianza hivi. Kuna kampuni ilikuwa inatuletea malighafi, ikawa haijalipwa muda mrefu. Sheria inasema mtu anayedai kampuni 100,000 au zaidi anaweza kuiandikia barua rasmi ya kudai, na siku 21 zikipita bila kulipwa wala kuelewana basi inahesabika kampuni imeshindwa na madeni, anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba ifilisiwe. Wakaenda. Sisi ndani tunaendelea kufunga mizigo hatujui lolote. Korti ikatoa amri, mfilisi akateuliwa, na kutoka siku hiyo wakurugenzi hawana usemi tena, funguo zote kwa mfilisi. Mfilisi mwenyewe sio mtu yeyote tu, lazma awe na leseni ya kazi hio, na mara nyingine ni yule afisa wa serikali anayeitwa Mpokezi Rasmi ndiye anayeshika.

Hapo ndo palipotupata. Ilani ilitoka kwa gazeti rasmi la serikali, lile la Ijumaa, na kwa gazeti moja la Kiingereza. Ilisema wote wanaodai walete madai yao na ushahidi kabla ya tarehe fulani. Nani kati yetu anasoma gazeti rasmi la serikali? Wafanyakazi tulikuwa zaidi ya mia moja, wengi ni vijana wa kubeba mizigo na akina mama wa kupaki, na wale sapraya wadogo, mwenye maji, mwenye mkokoteni, mwenye kuni, huyu mama wa kantini. Geti nalo lilibandikwa karatasi moja, Kiingereza kitupu, maneno ambayo hata mimi niliyemaliza kidato cha nne niliyasoma mara tatu. Mvua za Mei zikainyeshea ile karatasi, ikabaki pini na pembe moja ya juu.

Nimesoma Katiba yetu ya 2010. Ibara ya 7 inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Zote mbili. Sasa vipi karatasi inayoamua kama mtu atalipwa jasho lake au hatalipwa inatoka kwa lugha moja tu, tena ile ambayo wenye kudai kidogo ndio hawaijui vizuri? Benki inayodai milioni mia ina mawakili wa kuisomea. Mwenye mkokoteni hana.

Ngoja nieleze hio foleni yenyewe manake naamini kuna wasomaji wako saa hizi wako ndani ya shida hii na hawajui wamesimama wapi.

Kwanza kuna yule mwenye dhamana, kawaida benki. Kama kampuni ilikopa ikaweka ploti au mashine rehani, huyo hasimami foleni na sisi, ana mali yake ameishikilia, anauza anajilipa. Kwetu ploti na jengo lote lilikuwa la benki kitambo sana, sisi tukipita pale tunaona kiwanda kikubwa tunadhani pesa zipo, kumbe tulikuwa tunaangalia mali ya watu. Alafu inakuja gharama ya kufilisi yenyewe, ulinzi, korti, mnada, ujira wa mfilisi. Hio inatolewa kabla ya mtu mwingine yeyote, na ndio sababu shughuli ikivutwa miaka na miaka sisi wa nyuma ndio tunaumia, kila mwezi wa gadi pale getini unatoka kwa chungu chetu.

Baada ya gharama ndio tunakuja sisi wafanyakazi. Hili watu hawalijui kabisa, wanadhani mfanyakazi ni wa mwisho. Hapana. Mishahara ya miezi minne ya mwisho, pesa ya likizo ambayo hukwenda, malipo ya kuachishwa kazi, na zile makato walizokata kwa payslip yako wasipeleke zinakotakiwa, hizi zinalipwa kabla ya kodi ya serikali na kabla ya sapraya. Lakini kuna kipimo, mtu mmoja haendi juu ya 200,000 kwa hio daraja. Kuna fundi wetu mmoja wa mashine, mshahara wake ulikuwa 60,000, alikuwa hajalipwa miezi sita. Jumla 360,000. Miezi minne ni 240,000 lakini kipimo kinamkata hapo kwa 200,000. Zile 160,000 zilizobaki hazipotei, anazidai pia ila anasukumwa nyuma kwa wadai wa kawaida. Ikiwa hakuandika zote kwa fomu, basi hizo amejinyima mwenyewe bila kujua. Yeye aliandika miezi minne tu, manake kuna mtu alimwambia sheria ni miezi minne.

Baada yetu inakuja kodi, ile PAYE, kodi ya mshahara iliyokatwa, na mengineyo. Alafu chini kabisa wanakutana wadai wa kawaida wote, sapraya, mwenye maji, mama wa kantini, na hapo hakuna mkubwa wala mdogo, wanagawana kwa kipimo kimoja. Kwa mfano wadai wa kawaida kwa jumla wanadai milioni 40 na kilichobaki ni milioni 4, kila shilingi moja inapata senti kumi. Kwa huyu mama ni 18,740. Ni kidogo, najua ni kidogo, lakini ni karo ya mtoto, na ni haki yake, na kuipata lazma awe ameleta madai. Wenye hisa ndio mwisho kabisa na kwa kampuni iliyofilisika kawaida hawafikiwi.

Mwenye kuchelewa naye, kile kilichokwisha kugawanywa hakirudishwi, anangoja kama kuna kitakachobaki. Kwa hivyo ile tarehe kwenye karatasi iliyonyeshewa na mvua ilikuwa ni pesa.

Kuna jamaa mwingine tuliyekuwa naye dispachi, yeye alikasirika akaenda kumlipa wakili 30,000 amshtakie kampuni korti ya leba peke yake. Hakuelezwa kwamba amri ya kufilisi ikishatoka huwezi kuanzisha wala kuendeleza kesi dhidi ya ile kampuni bila ruhusa ya korti. Kesi ikasimama. Ile 30,000 imekwenda, na madai kwa mfilisi hakupeleka manake aliamini kesi ndio njia. Fomu ya madai ni bure Mhariri. Unajaza jina, unadai nini, kwa sababu gani, unaambatisha ushahidi, payslip, invoisi, delivari noti iliyosainiwa, hata mesej za M-Pesa. Jumamosi mbili nilikaa kwa saiba hapa stejini nikawajazia wenzangu ishirini na tatu, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kuonyesha, hakuna aliyekuja mikono mitupu. Mmoja alikuja na ile kadi ya kugonga saa ya kuingia na kutoka. Watu wetu wanaweka karatasi zao. Wasichokuwa nacho ni mtu wa kuwaambia zipelekwe wapi.

Na kuna wale siku za mwisho walibeba vitu, roli za plastiki, toroli, feni, wakisema ndio mshahara wangu huo. Nawaelewa uchungu wao lakini ile mali ikishafika hapo ni ya wadai wote, anayebeba feni amemnyang'anya yule mwenzake wa kupaki ambaye hana nguvu ya kubeba. Na kwa upande wa juu pia, kama wakurugenzi waliuza lori kwa shemeji kwa bei ya kutupa mambo yakielekea kuharibika, au walimlipa rafiki mmoja deni lake lote wakawaacha wengine, sheria inampa mfilisi njia ya kwenda kortini hio mali irudi. Anaweza pia kuwahoji wakurugenzi, na kama waliendesha biashara kwa ulaghai korti inaweza kuwaamuru watoe kwa mifuko yao wenyewe. Watu mtaani wanauliza mbona tajiri bado ana gari zuri na sisi tunalia, jibu ni kwamba kampuni kisheria ni mtu wake peke yake, madeni yake sio ya mwenye hisa, ila hapo penye ulaghai. Lakini mfilisi atajuaje kama hakuna wa kumwambia? Sisi wa stoo ndio tunaojua lori gani lilitoka usiku na nani alisaini. Wadai wanaweza kuchagua kamati yao ya kufuatana na mfilisi, kumuuliza maswali, na ningependa sana siku moja kwenye kamati kama hio akae mtu wa stoo, sio mawakili wa benki tupu.

Hii sio hadithi ya kiwanda kimoja. Nakumatt iliyoanza na kuuza magodoro Nakuru ikawa ndio supamaketi kubwa zaidi nchini, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi ijaribu kuokolewa, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Hapa kwetu Pwani tunakumbuka ARM Cement yenye kiwanda Kaloleni, nayo iliingia kwa wasimamizi Agosti 2018, mwaka uliofuata mali yake ya Kenya ikanunuliwa na National Cement kwa bilioni 5. Mumias nako, kwenye kiwanda cha sukari, wakulima wa miwa waliona benki inayodai ikiweka meneja wake Septemba 2019. Kila moja ya hizi ina wenye mkokoteni wake na mama wake wa kantini, wao hawatokei kwenye habari ya saa tatu.

Nasema pia wazi kwamba kufilisi sio lazima iwe njia ya kwanza. Hio sheria ya 2015 ilileta usimamizi, ambapo kampuni inapewa kivuli, wadai wanazuiwa kuivamia kwa muda, na msimamizi anajaribu kuiweka sawa au angalau kuiuza ikiwa bado inapumua. Kiwanda chetu nadhani kingefaa hivyo, oda zilikuwepo, mashine mbili zilikuwa mpya, tatizo lilikuwa madeni ya nyuma. Lakini hakuna aliyeomba mapema, na kampuni ikishakaa miezi sita bila umeme, wateja wakishahama, hakuna cha kuokoa, mashine iliyonunuliwa kwa mamilioni inauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Niliiona kwa macho, ile mashine ya pili kutoka mlangoni, ile tuliyokuwa tunaifuta kila Jumamosi, ikikatwa kwa gesi.

Ninachoomba sio kikubwa. Naomba ofisi ya Mpokezi Rasmi na ile idara ya usajili wa biashara waamue kila ilani ya kufilisi itoke kwa Kiswahili na Kiingereza, gazetini na kwenye geti, kwenye plastiki isiyoshika maji. Fomu ya madai nayo iwe na Kiswahili. Rejista ya wafanyakazi na ya sapraya mfilisi anayo siku ya kwanza, namba za simu zimo, mesej moja fupi ya kusema kampuni inafilisiwa, leta madai yako ofisi fulani kabla ya tarehe fulani, na kama una mali yako ndani tuandikie, inagharimu kiasi gani? Ni kidogo kuliko siku moja ya gadi. Na vyama vya wafanyakazi, wale maafisa wetu waliokuwa wanakatiwa ada kila mwezi, wawe na mtu wao wa kufuatilia lile gazeti la Ijumaa. Kama hio ni kazi ngumu mimi nitaifanya bila malipo, naandika hivi namaanisha.

Wewe pia Mhariri una nafasi yako. Ile ilani ya kiwanda chetu nimeitafsiri na nimeiweka kwa bahasha hii, jina la kampuni nimelifuta, ni mistari kumi na moja tu. Ukiichapisha hata mara moja kwa mwezi kama mfano, mtu akiona karatasi kama hio kwa geti lake ataitambua.

Huyu mama fomu yake tuliijaza Jumapili iliyopita, amechelewa lakini mgao wa mwisho bado haujafanywa. Tuliketi barazani kwake tukahesabu daftari moja baada ya lingine kutoka ile ndoo, na hesabu yake ya kichwani ilikuwa sawasawa na ya karatasi, 187,400 kamili. Sufuria tumeziandikia barua ya peke yake manake hizo sio deni, zilikuwa mali yake. Aliniambia nisisahau kuandika zile herufi ziko chini ya sikio la ile kubwa, upande wa kushoto, na nimeandika.

Wako msomaji,
Aliyekuwa wa stoo, Mikindani, Mombasa